Kitabu Nilichokuandikisha

Ngamiani, Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri

Mwantumu mwanangu,

Salamu zangu ni nyingi, jichagulie uzitakazo. Karatasi hizi nimezitia kwenye mkoba wako wa mkononi, chini ya bahasha ya vyeti. Najua utaziona mapema, maana wewe mkoba unaupekua kama mtu aliyeibiwa. Nakuomba usisome mpaka basi lipite Segera. Kabla ya Segera mtu anaweza kushuka, akadandia gari la kurudi Tanga na akawahi chakula cha mchana nyumbani. Na ninavyokujua, ungeshuka.

Mambo ya blanketi, ya baridi ya Iringa, ya kutokula vya njiani, hayo mama yako ameshayasema na kesho atayasema tena kituoni mpaka kondakta amwombe ateremke. Mimi nayaruka. Nina jambo moja tu, na limenikaa hapa kifuani tangu juzi.

Kwanza ujue kwamba haya nayaandika mwenyewe. Hakuna aliyenishikia kalamu. Shule niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu unauona, kama kuku kapita kwenye unga. Lakini nimekaa nyuma ya duka, mlango nimeufunga, mama yako anadhani nahesabu mali. Nitaandika mpaka nimalize, hata ikifika magharibi. Tangu lini baba yako akaanza gurudumu akaliacha katikati? Hapa mjini hakuna anayenyoosha rimu kama mimi. Watu wanatoka Usagara, wanatoka Pongwe, wanawapita mafundi kumi njiani wanakuja kwangu. Nikilizungusha gurudumu na kufumba macho nakwambia spoku gani imelegea. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya, na kwa kujisifu pia. Lakini nayasema ili ukumbuke kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa kitu kimoja akadhani ni bingwa wa vyote. Mimi nilidhani hivyo miaka mingi, na anayelipa ni wewe.

Yule binti wa ofisi ya kodi alipokuja mara ya kwanza wewe hukuwapo, ulikuwa umekwenda kufuatilia habari za hiyo kazi yako ya Iringa. Sikukusimulia ilivyokuwa, nilikusimulia nilivyotaka. Ilikuwa hivi. Alisimama pale mlangoni na faili lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Baiskeli ina nini?"

"Sina baiskeli, mzee. Natoka ofisi ya kodi. Namtafuta Mwantumu Athumani."

"Mwantumu ni binti yangu. Mwenye duka ni mimi. Hukuliona bango hapo juu? Athumani Spea, Fundi wa Kwanza."

Akaangalia juu, akaangalia karatasi yake. "Bango nimeliona. Lakini kwetu duka ni la Mwantumu Athumani. Hii barua ni yake."

Nikampokonya barua, maana sikuipokea vizuri, nilimpokonya. Barua ilisema kwamba baada ya wiki tatu watakuja kukagua kumbukumbu za duka za miaka mitatu: mauzo, manunuzi, matumizi, na risiti zake. Nikamwambia, "Mama, mimi kumbukumbu zangu ziko hapa," nikajigonga kichwani. "Niulize tairi niliyouza mwezi wowote, nitakwambia nani kanunua na baiskeli yake rangi gani." Hakucheka. Akasema kwa adabu, "Mzee, mimi nitakuamini. Ila siwezi kukiambatanisha kichwa chako kwenye faili."

Wewe nilikwambia barua imekuja Jumatano. Ilikuja Jumatatu. Siku mbili nilikuwa nimeificha chini ya boksi la gololi. Nilikuwa naona nikikupa nitakuwa nimekubali kwamba duka si langu.

Na kwa nini duka likawa lako? Nataka nilieleze hili mimi, kwa sababu huwa tunalisimulia kama kichekesho, na wewe huwa unacheka ili nisione haya. Ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza chuo. Tulikwenda wote wawili kuchukua namba ya mlipakodi. Yule kijana wa mashine akasema weka kidole hapa, nikaweka, ikakataa. Nikaweka cha pili, ikakataa. Vidole vyote kumi, mashine inalia tu kama imekanyagwa. Akaniuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Baiskeli, tangu baba yako hajaoa." Foleni nzima ikacheka. Naye akacheka, lakini akanielekeza vizuri: "Basi tupa ya kusugulia chuma imekula alama za vidole. Pumzisha mikono siku mbili tatu, upake mafuta, urudi. Itasoma tu."

Siku mbili tatu, mwanangu. Hilo ndilo lililotakiwa. Lakini mimi nilisikia kicheko cha foleni, maneno mengine sikuyasikia. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba Ngamiani nzima inanijua, mashine isiponijua shauri yake. Nikakugeukia: "Weka kidole chako wewe, twende zetu." Ukaniangalia. Ukasema, "Baba, turudi wiki ijayo tu." Nikakwambia weka. Ukaweka, ikasoma mara moja. Njiani nikawa nacheka kwamba nimewakomoa. Niliyemkomoa ni nani?

Basi barua ilipokupata ulitaka tuanze siku ileile. Uliniuliza risiti za manunuzi ziko wapi, nami nikajisikia mkubwa tena, maana risiti ninazo. Hili hakuna awezaye kunisingizia. Kila risiti niliyopewa na wauzaji wa jumla sikuitupa. Zote nilizichoma kwenye spoku ndefu, nikaining'iniza dirishani, mtu yeyote akiingia aone kwamba hapa pana utaratibu. Miaka yote hiyo. Wewe uliniambia zaidi ya mara moja, "Baba, hizi za mashine wino wake haukai, tuzitoe kopi." Nikakujibu kwamba mimi natunza karatasi tangu hujazaliwa.

Ukaishusha ile spoku. Ukachomoa risiti ya kwanza, ukaigeuza. Ya pili. Ya tano. Nilidhani unatafuta kitu. Kisha ukanipa moja nami nikaisogeza kwenye mwanga. Nyeupe. Jua la dirishani na joto la bati vimefuta kila kitu. Rundo zima la karatasi nyeupe, kila moja na tundu katikati. Hukunilaumu. Ungenilaumu ningepata la kukujibu. Ulikaa kwenye ndoo ya vyuma ukaanza kuzipanga zilizobaki na alama kidogo. Zilikuwa saba.

Siku hiyo Mzee Kombo wa duka la nguo alichungulia, akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, watu wa kodi wanatutembelea, nitawamaliza kwa maneno.

"Yakhe, usicheke na hayo," akasema kwa Kipemba chake. "Mie walinikagua. Waliniuliza mpaka chai ya wageni."

"Wewe unaandika mpaka chai kwa sababu u bahili, Kombo."

"Nikiwa bahili, sawa. Bahili mwenye daftari kalala usingizi. Wewe karimu, mbona macho mekundu?"

Nilimfukuza. Lakini neno lake la karimu likanibakia kama mwiba, kwa sababu ulipofika kwenye matumizi, ndipo tulipokwama kabisa. Uliniuliza pesa ya droo ilikuwa inakwenda wapi. Nami nikakujibu kwa sauti ya msikitini kwamba ninachotoa sikiandiki. Msiba wa jirani, sanda, mchango wa chuo cha Kurani cha watoto, mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Mtu akitoa kwa ajili ya Mungu kisha akaandika kwenye daftari, ameshaiharibu. Nilikuwa nasema hivyo miaka yote.

Leo nakwambia ukweli wake. Nilitoa, ndiyo. Nilitoa kweli na Mungu anajua. Lakini nusu yake haikuwa ya Mungu. Ilikuwa kahawa ya baraza zima kila alasiri, ili nikitokea pale kona waseme, "Tajiri kafika!" Ilikuwa pesa ya kumtunza mwimbaji kwenye harusi za watu ambao hata jina langu hawalijui, nasimama na noti nimeipeperusha juu ili ionekane ni nyekundu, ya elfu kumi. Ningeandika, ningeona. Mama yako angeona. Ndiyo maana sikuandika. Nilijificha nyuma ya sadaka kama mtu anayejificha nyuma ya mgongo wa mama yake.

Na risiti za kuuza vilevile. Mashine ya risiti tulikuwa nayo, wewe ulihakikisha tunayo. Lakini akija mtu tunayeswali naye safu moja, nimkatie risiti kwa sababu ya mpira wa ndani? Ataona nimemfanya mgeni, nimemfanya mtu wa kushtakiana. Wengine walikuwa wanakataa wenyewe: "Aa Athumani, kwani sisi tumefikia huko?" Nami nafurahi. Mashine nilikuwa naiwasha nikimwona mtu aliyevaa tai. Hata zile tairi nilizokuwa naletewa kutoka ng'ambo ya mpaka, pale Horohoro, nikikwambia nimepata kwa bei ya rafiki, karatasi zake sikuziulizia. Nilijua kwa nini ni rahisi. Uliniuliza mara moja, nikakwambia hayo ni mambo ya wanaume. Kulikuwa hakuna uanaume wowote pale.

Haya yote nimeyataja kwa kuzunguka. Sasa nafika penyewe.

Lile wazo la kaunta buku lilikuwa langu. Nataka liandikwe hivyo. Wewe ulikuwa unataka twende tukaseme tulivyo. Nilikwambia utaniua. Nikatoka, nikanunua kaunta buku mpya lenye jalada gumu, nikalipaka grisi kidogo pembeni, nikalianika juu ya bati siku mbili, nikalikanyaga kanyaga, mpaka likafanana na daftari la miaka mitatu. Na Mungu anisamehe, nilijivunia. Nilikuonyesha kama ninavyoonyesha gurudumu lililonyooka.

Ukasema, "Baba, nani ataandika?"

Nikasema, "Wewe. Wangu mwandiko hausomeki."

"Basi utakuwa mwandiko wangu."

"Ndiyo uzuri wake. Jina lako, mwandiko wako."

Siku tatu uliandika. Kalamu ya buluu, nyeusi, ile inayovuja, unabadilisha kama nilivyokuelekeza. Mimi nimekaa kwenye kigoda nakutajia namba za kutoka kichwani. Andika tairi mbili. Andika cheni moja. Andika siku hii biashara mbaya, elfu nane. Ulifika Ijumaa moja ukasimamisha kalamu, ukasema, "Baba, siku hii tulifunga. Tulimzika Bibi." Mama yangu, ambaye jina lake unalo wewe. Nilikuwa nakuandikisha kwamba siku ya maziko ya mama yangu niliuza pedeli.

Nikakwambia, "Andika tu."

Ukaandika.

Mwantumu, nimekaa na kitu hicho. Nimefanya mambo mengi katika maisha, nimempiga mtu, nimemdhulumu ndugu yangu shamba la minazi kisha nikalirudisha kwa aibu, lakini hakuna linalonijia usiku kama kalamu yako ilivyosimama pale na ilivyoendelea.

Siku ya tatu tulipomaliza ulilifunga lile buku ukaliwekea mkono juu. Mama yako alikuwa anachambua mchele mlangoni. Ukasema, bila kuniangalia, "Wakiuliza, nitasema ni mimi. Nitasema Baba hajui kusoma, vitabu vyote naweka mimi, yeye hajui lolote. Hawatakusumbua." Na ukasema kwamba safari utaisogeza mbele, utawapigia simu watu wa chuo cha Iringa uwaambie umepata udhuru, mpaka ukaguzi upite.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Mtu yeyote mwenye mtoto angesimama. Mimi nilisema, "Mungu akubariki." Nikaenda kunywa kahawa. Mama yako aliniangalia nilipompita pale mlangoni, mikono yake kwenye ungo imesimama. Tangu siku hiyo analala ameelekea ukutani.

Kilichonizindua ni fomu yako, na hili hujui kwamba nililiona. Watu wa chuo hawakukubali uchelewe, na juzi walikutumia zile karatasi za kujaza kabla ya kuanza kazi. Ulizichapisha, ukakaa nazo barazani. Nilikuwa naziba pancha, wewe umenipa ubavu. Ukajaza jina, ukajaza shule, haraka haraka kama kawaida yako. Kisha kalamu ikasimama. Ilisimama tangu nilipokuwa natafuta tundu mpaka kiraka kikakauka. Ukaikunja karatasi, ukaingia ndani kumsaidia mama yako. Ukaiacha juu ya mkeka na jiwe juu yake.

Nikanawa mikono nikaisoma. Najua kusoma, polepole, lakini najua. Pale chini waliandika kwamba anayeomba athibitishe hajawahi kushiriki katika kughushi hesabu wala nyaraka za fedha, na kwamba akibainika kusema uongo atafukuzwa kazi na kushtakiwa. Halafu nafasi ya sahihi. Tupu.

Nilisoma mara tatu, kidole chini ya kila neno. Umesoma uhasibu kwa pesa ya pancha. Nilikuwa najisifu kwa watu wote kuhusu hilo, nimewachosha: mwanangu mhasibu, mwanangu atashika hesabu za chuo kizima. Na kitu kimoja tu kinachomfanya mhasibu awe mhasibu, mimi nilikichukua nikakipaka grisi nikakianika juu ya bati.

Basi leo asubuhi nilipowaambia nakwenda kununua gundi, sikwenda kununua gundi. Nilikwenda ofisi ya kodi, kaunta buku nimelizungushia gazeti. Nisikudanganye, mara ya kwanza nilifika getini nikageuka. Nilikwenda nikanywa kahawa, pale kwa mtu asiyenijua, nikalipa yangu peke yangu. Mara ya pili niliingia. Yule binti alikuwapo. Nikamsalimia mimi kwanza, akashtuka.

"Karibu mzee. Ukaguzi wenu ni Jumatatu, si leo."

"Najua. Nimeleta kitabu cha uongo, ili Jumatatu msikikute."

Akamwambia mwenzake afunge mlango. Nikamweleza yote. Dirisha na risiti, baraza na kahawa, tairi za Horohoro, kidole kilichokataa na binti yangu niliyemwambia aweke chake. Nikamwambia namba zote zilizomo humo nimezitaja mimi, aliyeandika ni mkono tu. Aliandika, aliandika, kisha akasema, "Mzee, ulichofanya hakifuti kosa. Lakini ni afadhali umekuja kabla hakijakabidhiwa kama hesabu." Nikamuuliza nitafungwa? Akasema hayo hayasemi yeye, yapo kwa wakubwa wake. Deni watalikadiria, na faini itakuwepo, nijiandae. Nitauza baiskeli tatu zile nzuri na mashine ya kuchomelea. Nimeshamwambia Kombo anitafutie mteja. Hakunicheka. Alisema tu, "Haya Athumani," akanimiminia chai, na walahi nilimwona akiiandika.

Kabla sijatoka kule ofisini nilimwomba yule binti jambo moja. Nikamwambia, "Mwanangu anaondoka kesho. Msimtafute. Mwenye duka niulizeni mimi." Akatikisa kichwa. "Jina ni lake, mzee. Lazima tumsikie. Tutampigia simu Jumatatu."

Nilibishana naye. Unanijua. Nilibishana mpaka mtu wa dirisha la pili akainuka. Haikusaidia. Lakini nilipokuwa natoka nikawaza, labda ndiyo vizuri.

Mwanangu, hii ndiyo sababu ya barua yote. Jumatatu simu itaita huko Iringa. Wewe una moyo wa mama yako na ubishi wangu, mchanganyiko mbaya. Ukisikia wametaja jina langu utataka kunibeba. Utasema Baba mzee, Baba hakuelewa, kitabu nilikitunga mimi. Umeshaniahidi utasema hivyo, nami nikakubariki kwa ahadi hiyo. Baraka ile naiondoa. Baraka nyingine zote zibaki, ile moja naiondoa.

Waambie ilivyokuwa. Waambie uliandika, kwa sababu uliandika, usijitoe kabisa maana huo nao utakuwa uongo. Waambie ulitaka twende mapema ukakataliwa. Wakiuliza nani alitaja zile namba, nitaje, jina langu na la baba yangu. Utaona vibaya. Utaona kama unamshtaki mzazi wako kwa watu baki, na hapa kwetu hilo ni zito, nalijua. Lakini mzazi wako ndiye anayekuomba.

Na ile fomu, sina haki ya kukushauri uiweke sahihi au usiiweke. Ukiona huwezi, waeleze wakubwa wako wa huko kwa mdomo wako, kabla hawajaambiwa na mwingine. Huenda wakakurudisha. Ukirudishwa, mlango huu haufungwi, na sitakuuliza kitu. Huenda wasikurudishe. Sijui. Miaka yangu yote nilikuwa mtu wa kujua, na hili silijui, na linanitesa kuliko faini.

Jambo la mwisho, na hapa usinibishie. Ukiwa kwenye simu usiwaambie kwamba baba yako hajui kusoma. Najua utalisema kwa huruma. Lakini lile buku nililinunua nikiwa na akili zangu, nikakutajia siku moja baada ya nyingine, na kila ulichoandika nilikuwa nakisoma juu ya bega lako.

Nenda salama, mama. Jumatatu pokea simu.

Mimi baba yako,
Athumani bin Mhina,
mwenye duka